Fuata Maji, Ngoja Ndege: Mwongozo wa Kutazama na Kupiga Picha Ndege wa Vuli Bagamoyo

Mwezi wa Novemba, wakati miti ya nchi za kaskazini imekwisha kupukutisha majani na matope ya mito ya huko yanaanza kuganda, pwani ya Bagamoyo hupokea wageni wake. Vitabu vingi vya tafsiri huyaita majira hayo ya kaskazini "vuli", jambo ambalo limewachanganya wanafunzi wengi, kwa kuwa vuli yetu ni msimu wa mvua fupi, nyasi zinazochipua na kumbikumbi, wala haina jani kavu hata moja la kujivunia. Hata hivyo vuli hizi mbili zina uhusiano, na anayeziunganisha ni ndege. Kitwitwi, ndege wa ufukweni anayetafuta minyoo mbele ya soko la samaki leo, aliangua yai lake Siberia mwezi wa Juni, akaondoka kabla ya udongo kuwa mgumu kama jiwe, na atakaa nasi hadi karibu na masika.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu mwenye darubini, kamera ya kawaida au hata simu tu, ambaye anaweza kupata siku mbili au tatu Bagamoyo kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Desemba. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na anayetaka kuwamaliza wote katika orodha ana kazi tofauti na hii. Hapa tunatafuta uzuri, na katika msimu huu uzuri wenyewe ni wa kijivu, umelowa, na unakwenda kwa saa ya bahari.

Hatua ya kwanza: jifunze maji kabla ya kamera

Wageni wengi hufika ufukweni saa inayowafaa wao, wakatazama uwanja mtupu wa matope, wakarudi wakisema Bagamoyo haina ndege. Ndege walikuwepo, ila walikuwa mbali. Bahari ya hapa ni ya kina kifupi, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, hupwa yakaacha mchanga na matope yanayokwenda mbali kiasi kwamba wanawake wanaookota chaza kwenye ukingo wa maji huonekana kama vijiti. Tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyopwa katika siku hizo huzidi mita 3. Ndege husambaa kwenye uwanja wote huo wakila minyoo, konokono na kaa wadogo, na hakuna lenzi itakayowaleta karibu.

Anayewaleta ni maji yenyewe. Yanapojaa, uwanja wa chakula hupungua hatua kwa hatua, na ndege husogea mbele ya povu hadi wanakusanyika kwenye ukanda mwembamba wa mchanga ambao mtu aliyekaa kwa utulivu anaweza kuwa nao umbali wa mita 20 au 30. Kwa hiyo kazi yako ni kujua maji yatajaa saa ngapi, kufika mapema, na kukaa.

Hesabu yake ni rahisi, nayo ni ile ile ya wavuvi. Bamvua huja mara mbili katika kila mwezi mwandamo, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hukaza zaidi siku moja au mbili baada ya hapo. Katika siku hizo, kwenye pwani yetu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata huchelewa, kwa wastani wa dakika 50 hivi, mpaka baada ya juma moja yanapofika maji mafu, ambapo hujaa katikati ya asubuhi na hayapwi kwa mbali. Majedwali ya maji yanapatikana kwenye intaneti bila malipo, lakini mimi bado huthibitisha kwa kumuuliza mvuvi, kwa sababu jedwali halijui kwamba jana upepo uliyasukuma maji zaidi ya kawaida.

Sasa unganisha hesabu hiyo na jua. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki. Jioni jua linakuwa mgongoni mwako, juu ya minazi na nyumba za Mji Mkongwe, na linawamulika ndege walio mbele yako. Hii ina maana kwamba siku ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji yanayojaa na mwanga mzuri hukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja: ndege wanasogezwa kwako kuanzia saa nane, wanakuwa karibu kabisa kati ya saa tisa na saa kumi na moja, na jua halizami mpaka saa kumi na mbili na robo hivi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua siku zako za safari, chagua hizo. Ukijikuta umekuja siku za maji mafu tu, usijilaumu. Zitumie kwa Kaole na mikoko, ambako maji hayana amri kubwa namna hiyo.

Upepo nao una neno. Novemba ni wakati wa tanga mbili, kusi imekwisha na kaskazi haijakaza, na asubuhi nyingi bahari huwa shwari kama mafuta kwenye sinia. Ndiyo asubuhi ya kupiga picha za ngalawa na vivuli vyake, hata kama hakuna ndege hata mmoja.

Hatua ya pili: beba vichache

Kama utanunua kitu kimoja, nunua darubini yenye alama ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye vioo vya mbele vya milimita 42. Inayokuza mara 10 huvutia dukani, lakini mkono wa kawaida ukitikisika kidogo, picha nzima inatikisika. Kwa kamera, lenzi ya milimita 300 inatosha kuanzia kama umekubali kungoja, na simu nayo inaweza kutumika: weka jicho la kamera ya simu kwenye kioo cha kutazamia cha darubini, ushike vyote viwili kwa pamoja, utapata picha ya kumtambulisha ndege japo si ya kutundika ukutani. Usivute picha kwa vidole kwenye simu ukidhani umemkaribia. Unachokuza ni chembe za picha, si ndege.

Vaa raba za zamani zenye kamba. Ndala hubaki kwenye matope, na ukienda peku utakutana na magamba ya chaza. Nguo ziwe za kaki, kijivu au kijani kilichopauka, kwa maana kanzu nyeupe huonekana na ndege kutoka mbali sana. Beba maji ya kunywa, kofia, na mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya kamera; uwe wa turubai au wa mpira, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na mvua ya vuli haibishi hodi.

Hatua ya tatu: chagua mahali kwa saa

Mbele ya soko la samaki ni darasa la kwanza, nami humpeleka huko kila anayeanza. Ndege wa pale wamezoea watu: yangeyange wanaotembea kati ya madau, shakwe wanaopigania matumbo ya samaki, mwewe wanaoshuka kuchukua dagaa mbele ya macho ya mwenye dagaa. Kunguru wenye shingo ya kijivu ni wengi kuliko wote, na si wa asili hapa. Ukoo wao uliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890, ukaenea pwani nzima, na unakula mayai na makinda ya ndege wengine. Wengi huwachukia, nami siwatetei, lakini kwa mazoezi ya kumfuata ndege arukaye hakuna mwalimu mzuri zaidi. Ukiweza kumweka kunguru katikati ya picha mara kumi mfululizo, umeiva kwa kitwitwi.

Pale sokoni watu wako kazini. Salimia kwanza, nunua kitu ikiwezekana, na omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera usoni mwa mtu. Mzee akikataa, shukuru na uendelee. Ndege ni wengi.

Kaole iko kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Msikiti wake wa kale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na hapo zamani bahari ilifika karibu. Leo mikoko imejaa katikati ya magofu na maji, na bandari imekuwa msitu. Lipa kiingilio, dai stakabadhi, tazama makaburi, kisha nenda taratibu kuelekea ukingo wa mikoko. Hapa ndipo pa mdiria. Wapo kadhaa: yule mweusi na mweupe anayesimama hewani kama amening'inizwa kwa uzi kabla ya kujitupa majini, na yule wa mikoko mwenye mgongo wa buluu na mdomo mwekundu, ambaye hukaa kimya kwenye tawi la mchu na kuruka chini ghafla kumkamata kaa. Usimtafute mdiria kwa kutembea. Tafuta tawi lililo tupu juu ya maji, lenye alama nyeupe za kinyesi chini yake, ukae mbali kidogo na ungoje. Mdiria ni mtu wa kiti chake, na atarudi.

Angalia pia mizizi. Mkoko husimama juu ya miguu iliyopinda, mchu hutoa mizizi inayochomoza kwenye matope kama vidole vya watu waliofukiwa, na maji yakiwa yanaingia kati ya vidole hivyo saa ya jioni, unaweza kusahau kwamba ulikuja kwa ajili ya ndege. Usikate tawi ili kupata nafasi ya kuona. Mikoko yote ni hifadhi ya misitu, na zaidi ya sheria, tawi hilo lina mwenyewe.

Kisha kuna mashamba ya chumvi, upande wa kaskazini wa mji, ambayo kwangu ndiyo moyo wa safari nzima. Maji ya bamvua yakifunika ufukwe wote, vitwitwi hawana pa kukanyaga. Hupaa makundi kwa makundi na kuja kupumzika kwenye kingo za mabwawa ya chumvi mpaka bahari irudi nyuma. Mvua za vuli zikianza, kazi ya chumvi hupungua, kwa kuwa maji ya mvua huharibu yale yaliyokwisha kukolea, na mabwawa hubaki kwa ndege. Lakini mashamba haya yana wenyewe, na kupita bila ruhusa ni utovu wa adabu. Mara ya kwanza nilipokwenda nilimkuta mlinzi amekaa chini ya kibanda cha makuti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Sikupotea, baba. Naomba nipite kwenye tuta nitazame ndege."

Alinitazama mimi, akaitazama kamera, akauliza kama nawala. Nilipomweleza kwamba ninapiga picha tu, alicheka, akaniambia niambae upande wa magharibi wa bwawa la tatu, kwa sababu upande wa pili tuta limelegea na pia ningewafukuza. Ushauri huo ulinipa picha ambazo nisingezipata kwa miaka miwili ya kujifunza peke yangu. Muulize mlinzi.

Mdomo wa mto Ruvu unafikika kwa boti, ukiwa na mwenyeji anayeujua. Kuna mamba na viboko, kwa hiyo hakuna kushuka majini wala kuegesha popote unapopenda. Na ukiwa na siku ya ziada na bajeti yake, kaskazini zaidi iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ambako heroe, yaani flamingo, huonekana kwenye mabwawa ya chumvi. Huko utafuata taratibu za hifadhi, wala hazina tatizo.

Hatua ya nne: kaa chini

Hii ndiyo hatua fupi kuieleza na ngumu kuitimiza. Fika mapema, muda wa saa moja na nusu kabla ya maji kujaa. Chagua mahali penye gogo, dau bovu au kichaka nyuma yako ili umbo lako lisisimame peke yake mbele ya anga. Kaa chini kabisa, hata matakoni, weka viwiko juu ya magoti, na usiinuke. Ndege humwogopa aliyesimama na anayekwenda moja kwa moja. Aliyekaa humzoea kama kisiki. Ukilazimika kusogea, sogea kwa mshazari, kama mtu anayekwenda kwingine, na simama kila wanapoinua shingo zote kwa pamoja, kwa maana hiyo ndiyo ishara ya mwisho kabla ya kuruka.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja niliwaona ndege wanane weupe wenye migongo myeusi na midomo minene kama ya kuvunjia kokwa, mbali kwenye fungu la mchanga, nikaanza kuwafuata maji yakiwa yamepwa. Kila nilipokwenda hatua 50, nao walikwenda 50. Nilipokumbuka kugeuka, kijito nilichokivuka kikiwa cha vifundoni kilikuwa kimefika kiunoni, kwa sababu bamvua haliingii mbele tu, hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Nilitoka, lakini kiatu kimoja kilibaki na simu haikuwaka tena. Jioni hiyo hiyo, nikiwa nimekaa juu ya ngalawa nikikamua soksi, ndege wale wanane walikuja wenyewe na kutua mbele yangu, na sikuwa na cha kuwapigia picha.

Kuna sababu nyingine ya kutowakimbiza. Vitwitwi wengi wakifika kwetu huanza kubadilisha manyoya ya mabawa, moja baada ya jingine. Tazama kwa darubini bawa la ndege anayejinyoosha na utaona pengo, kama jino lililong'oka. Miti ya kwao inapukutisha majani, nao wanapukutisha manyoya huku kwetu, na kila unyoya mpya unahitaji chakula na mapumziko. Kumrusha ndege huyo mara kumi kwa ajili ya picha moja ni kumtoza nauli asiyokuwa nayo.

Hatua ya tano: jifunze kuona kijivu

Hapa wengi hukata tamaa. Wamefungua kitabu cha ndege, wameona kitwitwi wa Siberia mwenye kifua chekundu cha matofali, kisha mbele yao wako ndege 200 wote rangi ya majivu. Kitabu hakikudanganya. Mavazi yale mekundu ni ya harusi, na harusi ilifanyika Juni. Novemba wamevaa nguo za kazi. Hapo ndipo unapolazimika kuachana na rangi na kutazama umbo, mdomo, mwendo na sauti, na nionavyo mimi ndipo macho yanapofunguka.

Anza na midomo. Yule mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu na mistari kichwani ni sululu, na akipaa hupiga mluzi mfululizo mara sita au saba unaosikika ufukwe mzima. Yule mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda juu, miguu ya manjano, anayekimbia huku na huko kama aliyesahau kitu, wataalamu humwita Xenus cinereus. Ukimwona mara moja kwa mwendo wake hutamsahau. Wadogo weupe wanaofukuzana na wimbi, wakirudi nyuma linapokuja na kulifuata linaporudi, ni Calidris alba. Yule aliyesimama peke yake, mnene, mwenye macho makubwa na mdomo mfupi, anayekwenda hatua tatu na kusimama, ni Pluvialis squatarola. Akipaa utaona doa jeusi kwapani, na hakuna mwingine mwenye doa hilo pale ufukweni. Na wale wanane wangu walikuwa Dromas ardeola, wala kaa, ambao huzaa kwenye pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika kwa kuchimba mashimo mchangani, jambo lisilofanywa na kitwitwi mwingine yeyote.

Usilazimishe majina siku ya kwanza. Chagua ndege mmoja, mtazame kwa dakika 15 bila kuinua kamera: anakula nini, anachimba au anaokota, anapigana na nani, anasimama wapi akichoka. Utakapoinua kamera utajua atafanya nini sekunde moja kabla hajafanya, na hiyo sekunde moja ndiyo picha.

Hatua ya sita: piga

Kwa ndege anayetembea, weka kasi ya shata kwenye 1/500 ya sekunde au zaidi. Kwa anayeruka, 1/2000. Mwanga ukipungua, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila hofu, kwa sababu picha yenye chembechembe inaweza kusamehewa, lakini iliyotikisika haina dawa. Fokasi iwe kwenye jicho. Shusha kamera mpaka iwe usawa wa ndege, hata kama itabidi ulale kifudifudi mchangani, kwa kuwa ndege aliyepigwa kutoka juu huonekana kama kitu kilichoanguka, na aliyepigwa usawa wake huonekana ana nchi yake.

Yangeyange na ndege wengine weupe huidanganya kamera. Jua likiwapiga, manyoya yao huungua na kuwa doa tupu, hivyo punguza mwangaza kwa theluthi mbili za hatua moja ya kipimo cha mwangaza cha kamera. Kinyume chake, ndege aliye mbele ya anga la mawingu hutoka mweusi. Hapo ongeza hatua moja. Mawingu ya vuli ambayo watalii huyalalamikia ni rafiki yako: hutawanya mwanga, hufuta vivuli vikali, na hufanya kijivu cha manyoya, kijivu cha maji na kijivu cha anga visogeleane mpaka inabaki miguu na midomo tu ikiandika mistari. Nimeona watu wakifuta picha za namna hiyo kwa kuwa "hazina rangi". Ngoja siku tatu kabla ya kufuta.

Alfajiri mambo hugeuka. Jua huchomoza baharini kabla kidogo ya saa kumi na mbili, mbele yako, na kila kitu huwa umbo jeusi. Pima mwanga kwenye anga, si kwenye ndege, na tafuta maumbo yaliyo wazi: sululu na mundu wake, nguzo ya ngalawa, mvuvi aliyebeba upondo begani. Vikijibanana vitaungana kuwa doa moja, kwa hiyo subiri vitengane.

Na kundi zima linapopaa, usimfukuzie ndege mmoja. Panua lenzi, wacha nafasi upande wanaokwenda, piga mfululizo. Wakigeuka kwa pamoja, migongo hupotea na matumbo meupe huwaka, halafu hupotea tena, kama mtu anayefungua na kufunga kitabu.

Droni iache nyumbani. Nchini inahitaji vibali, na hata ungekuwa navyo, kwa kundi lililopumzika sauti ile ni mwewe asiyeondoka.

Hatua ya saba: mvua ikinyesha

Ingia barazani, lakini usifunge mfuko. Mvua ya vuli hupiga kwa nguvu na kuondoka, na saa moja inayofuata ni ya ndege wa nchi kavu. Dudumizi huanza kulia vichakani, sauti inayoteremka kama maji yanayomiminwa kutoka mtungini, na wengi husema akilia nyingine iko njiani. Kwenye minazi, kwera wa manjano hurudi kusuka. Dume hufunga kiota kwa majani mabichi, jike huja kukikagua, na asiporidhika dume hulazimika kuanza upya. Wapige kutoka mbali, na viota vyenye makinda usivisogelee kabisa, kwa sababu kunguru hukufuata kwa macho.

Kumbikumbi wakitoka ardhini, weka kamera kwenye kasi ya juu na utazame juu. Watakuja mbayuwayu waliotoka Ulaya, teleka, keremkerem wakiruka na kurudi kwenye waya wa umeme, na mwewe wanaokula hewani kwa kutumia kucha. Bahati ikiwa yako watapita kozi wadogo wa kijivu, Falco amurensis, ambao wametoka mashariki ya mbali ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi kwa mabawa yao. Mwanga huwa mdogo na ndege ni wepesi. Picha 100 zitatoa mbili. Mimi mara nyingi huiweka kamera chini nikatazama tu.

Hatua ya nane: ukirudi

Futa kamera usiku huo huo kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kwa kikavu. Chumvi ikilala hupata nguvu. Kioo cha lenzi kipulize kwanza kwa kipulizio ili punje za mchanga zitoke, ndipo ukifute. Usihifadhi vifaa ndani ya begi lililofungwa na lenye unyevu, kwa kuwa kuvu huota kwenye vioo. Weka humo vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja katika maboksi ya viatu vipya. Ukilala kwenye chumba chenye kiyoyozi, toa kamera nje nusu saa kabla ya kuitumia, ikiwa bado ndani ya begi, la sivyo vioo vitafunikwa na mvuke wakati jua linachomoza.

Andika daftari kabla ya kulala: tarehe, saa, maji yalikuwa yanajaa au yanapwa, upepo, mahali, na idadi, hata kama ni ya kukadiria. Takwimu hizo unaweza kuziingiza kwenye eBird, programu ya bure iliyoanza mwaka 2002, ambako wanaofuatilia safari za ndege wataziona. Kisha pitia picha zako polepole na ukuze miguu ya kila kitwitwi, kwa kuwa wachache huvishwa pete au vibendera vya rangi na watafiti wa nchi walikopitia. Ukipata yenye pete, usiikate picha hiyo wala kuing'arisha. Andika rangi zake kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini, iko juu au chini ya goti, na ni mguu upi, wa kulia au wa kushoto, kwa upande wa ndege na si kwa upande wako unayemtazama.